Ndiyo Iliyopeleka Soko Juu ya Kisima

Wajukuu wangu wanasema mimi ni muntu wa kuchosha. Wakiniuliza, "Koko, haujakula?" sijibu ndiyo wala hapana. Ninajibu, "Sijakula, leta," ao "Nimekula, ondoa sahani." Wanacheka. Wanasema Koko anajibu kama muntu anayeandika barua ku Leta, ku serikali. Acha wacheke. Hawajui kama neno moja dogo linaweza kukamata maji ya watu na kuyaweka chini ya miguu ya ng'ombe. Mimi ninajua, sababu nilikuwa pale, na mimba ya mutoto wa pili, nimesimama nyuma ya migongo ya wanaume. Na wakati neno lile lilitoka, mimi pia nilifurahi. Hiyo njo inaniuma mpaka leo. Nilifurahi kama mujinga.

Nilisoma miaka mbili tu kwa Masere, wale masista wa misioni. Walinifundisha kusoma, kuandika na kushona kifungo. Kwa hiyo nitaandika vile ninasema, na mwenye kutaka Kiswahili ya pwani aende kuitafuta kwa watu wa pwani.

Nilizaliwa upande wa Kingi. Miaka ile kiisha vita ya wazungu, niliolewa na fundi wa mbao, muntu wa Walikale, mutoto wa wawindaji wa pori. Alianza kazi Hombo, kutengeneza bodi za kamio, zile lori za mizigo, kiisha akapanda kwetu Masisi na sanduku ya vyombo ku kichwa, sababu alisikia wazungu wanajenga. Baridi ya milima ilimutesa. Mwaka wa kwanza alikuwa analala na koti.

Tulijenga mu kartie, mutaa wa wafanyakazi, chini kidogo ya posti ya serikali. Ninasema kartie, lakini hakuna muntu aliyeipanga na kamba. Ilikuwa nyumba za nyasi ku mugongo ya kilima, ndizi nyuma ya nyumba, maharagi na mateke, yale magimbi, katikati, na njia zilizotengenezwa na miguu. Muzungu akiiangalia toka juu ya baraza yake, anaona fujo. Lakini ile fujo ilikuwa na kisima, na kisima ilikuwa na sheria.

Maji yalikuwa yanatoka chini ya jiwe kubwa, baridi, hata kiangazi hayakukauka. Pale ku jiwe njo kisima ya kwanza: ya kunywa. Hakuna kuweka muguu pale, hakuna kuosha hata mukono, unachota na kibuyu safi na unaondoka. Maji yakishuka hatua makumi mbili hivi, yanaingia mu kisima ya pili: ya kufua na kuoga watoto. Yakishuka tena, mu ile ya tatu, karibu na majani marefu, njo tulikuwa tunaloweka mihogo. Ile ya tatu ilikuwa inanuka namna ukipita unafunga pua. Lakini ilikuwa ya chini, na maji hayapandi kilima. Hiyo yote haikuandikwa popote. Mama alimuambia binti yake, jirani akamuambia mugeni, basi.

Mukubwa wa kisima alikuwa jirani yangu, mujane mumoja mufupi, meno yake ya mbele yametoka. Hakuna aliyemuchagua. Alikuwa na sauti tu. Siku moja bibi mupya wa polisi alikuja kufua mu kisima ya kunywa, hakujua. Mujane akasimama juu yake na kitunga ku kichwa, akamuuliza kwa upole:

"Dada, hiyo kaputula ya bwana yako tutaikunywa na chumvi ao bila chumvi?"

Bibi wa polisi alikusanya nguo yake akateremuka, na toka siku ile akawa muchungaji wa kisima kuliko sisi wote.

Basi. Mwaka mumoja, kapita wa kartie yetu, musimamizi aliyewekwa na wazungu, alikuja kupita nyumba kwa nyumba. Huyu kapita alikuwa muntu wa kofia. Hakuwa mubaya, lakini akiivaa ile kofia nyekundu, masikio yake yalikuwa yanafungwa nayo. Akapaza sauti:

"Wanaume wote! Kesho asubui ku baraza ya posti! Leta inataka kutengeneza kartie na kuweka soko. Na Bwana Ajenti anataka kuuliza mawazo yenu!"

Mujane alikuwa anapepeta maharagi. Akasimamisha lungo.

"Anataka kuuliza nini?"

"Mawazo, Mama."

"Toka lini wanauliza? Si wamezoea kuleta amri?"

"Sasa wanauliza. Njo mambo mapya."

"Na wanawake?"

"Wanawake wachote maji."

"Vizuri," mujane akasema. "Na tukishachota?"

Kapita akaendelea na njia yake. Kesho yake sisi wanawake tulikuwa pale wote, na mizigo ya kuni ku mugongo, kama watu wanaopita tu na wamechoka gafla mbele ya baraza.

Tulikuwa na sababu. Bwana yangu alikuwa amesikia ku atelie, ile karakana ya mafundi, kama wazungu wanaangalia mahali mbili kwa soko. Moja ilikuwa chini, ku barabara, pale kamio zinapita, pale wamama wa Bihambwe na wa Kingi wanashuka na mizigo yao. Ingine ilikuwa juu ya jiwe la kisima, sababu pale kilima kimelala sawasawa na plani, ile ramani yao, inapenda mahali sawasawa. Soko ni watu, ni mbuzi, ni ng'ombe wa kuchinja kila siku ya soko. Damu na mavi vinashuka. Kisima yetu ilikuwa chini tu. Kila muntu wa kartie alijua hiyo, hata mulevi. Kwa hiyo tukasema: kama wanauliza kweli, tutawaambia, na neno litaisha.

Bwana Ajenti alikuwa kijana, musaidizi wa Administrateri, mukubwa wa posti. Masikio yake yalikuwa mekundu hata bila jua. Mufukoni alikuwa na kitabu kidogo cha Kiswahili, na ile siku alitaka kuonyesha kama anajua. Karani wake, muntu wetu mwenye kutafsiri, alisimama karibu na meza kama kila siku. Ajenti akamuambia:

"Leo wewe kaa. Nitasema mimi."

Karani akakaa. Akaanza kuangalia makucha yake, na hakuacha kuyaangalia mpaka mwisho. Yule muntu alisikia Kifaransa na alisikia Kiswahili. Alisikia kosa likipita mbele yake kama kuku anavuka njia, na akaliacha lipite. Nilikutana naye miaka mingi kiisha, ku misa, na sikumupa mukono.

Ajenti alifungua karatasi kubwa ku meza, akaweka mawe ku pembe zake ili upepo usiichukue. Wanaume wa mbele wakainama kuangalia. Ilikuwa mistari na visanduku. Mumoja akauliza nyumba yake iko wapi, Ajenti akaonyesha kisanduku, na yule akachukua kofia yake mukononi mbele ya kile kisanduku, kwa heshima.

Kiisha Ajenti akanyoosha mukono kuonyesha kilima, akasema pole pole, neno kwa neno:

"Ninyi... hamutaki... soko... hapa juu, karibu na maji?"

Tulishangaa. Anajua! Hatujasema kitu, na anajua! Wanaume wote wakajibu kwa sauti moja, kama ku kanisa:

"Ndiyo, Bwana!"

Yaani: umesema kweli, hatutaki. Nani angejibu namna ingine? Mujane nyuma yangu akasema, "Eeh, Mungu mukubwa, huyu mutoto alizaliwa na akili."

Ajenti akaandika. Kiisha akaonyesha chini.

"Na hamutaki... soko... kule chini, ku barabara?"

"Hapana, Bwana!" wanaume wakapaza sauti. Hapana, si vile, ile tunaitaka! Kapita akaongeza yake peke yake kwa kupenda kusikilikana: "Hapana kabisa, Bwana!"

Ajenti akaandika tena. Alikuwa anacheka kwa furaha, masikio kama nyanya. Akasema asante, asante, akamupa kapita mukono. Tukarudi nyumbani tukiimba. Mujane alipika mateke akagawia majirani. Bwana yangu alisema hajaona hiyo hata Hombo: muzungu anauliza, muntu mweusi anajibu, muzungu anaandika.

Kiisha mwezi hivi, asubui, nilishuka kuchota maji nikakuta vijiti. Vijiti vimechongwa vizuri, kichwa kimepakwa chokaa, kamba imefungwa toka kimoja mpaka kingine. Vipiketi. Vilikuwa juu ya jiwe letu, pande nne, kama kaburi ya muntu mukubwa sana. Nilisimama pale na kibuyu tupu. Nikafikiri labda wamekosea kilima.

Mpaka saa tatu wanawake wote walikuwa pale. Kapita akaitwa.

"Hiyo ni nini?"

"Soko."

"Soko ya nani?"

"Yenu! Si mulisema ndiyo?"

"Tulisema ndiyo hatutaki!"

"Mimi nilisikia ndiyo," kapita akasema. "Ile hatutaki sikuisikia."

"Kapita, na wewe ulikuwa pale! Na wewe ulijibu! Ulisema hapana kabisa!"

"Njo vile. Nilisema hapana kabisa, na Bwana aliandika hapana kabisa." Akatengeneza kofia yake. "Mambo iko mu karatasi sasa, wamama. Karatasi haina masikio."

Mujane hakubishana. Alienda kuleta mbuzi yake akaifunga ku kipiketi ya pembe.

"Mama! Hiyo ni piketi ya Leta!"

"Na hiyo ni mbuzi ya mujane. Waache wasalimiane."

Mbuzi iling'oa kipiketi mbele ya saa sita. Kesho yake kilirudishwa na nyundo, na polisi mumoja akawekwa kukiangalia, bwana ya yule bibi wa kaputula. Alisimama pale kwa haya, anageukia upande ingine kila mara bibi yake anakuja kuchota.

Na sasa mambo iliingia mu nyumba yangu. Bwana yangu alirudi toka ku atelie na kusema wamemupa kazi: meza za soko, na juu ya zote, meza kubwa ya muchinjaji, ya mbao ngumu, yenye mufereji wa kupitisha damu. Alinieleza ule mufereji kwa furaha ya fundi. Mikono yake ilikuwa inachora mu hewa.

"Na damu ile itapita mu mufereji iende wapi?" nikauliza.

"Inje."

"Inje wapi?"

Akashusha mikono.

"Baba yako ni muwindaji," nikamuambia. "Ulinieleza wewe mwenyewe. Mu kambi ya pori, nyama hawaipasui upande maji yanatoka. Hata kama ni swala mudogo, wanaibeba mpaka chini ya kambi. Kweli ao uongo?"

"Kweli."

"Na wewe utapasulia ng'ombe juu ya maji ya bibi yako."

"Sasa mimi nifanye nini? Ni kazi. Wote tulisema ndiyo."

Hakuna neno linanikasirisha kama hilo, wote. Wote ni nani? Nikiwatafuta siwapati nyumbani kwao. Kesho yake saa sita alirudi kula. Nilimuwekea bugali, nikamuwekea sombe ya majani ya mihogo, na nikamuwekea kikombe ya maji. Alikuwa na kiu. Alipandisha kikombe, kiisha akakirudisha haraka ku meza. Uso wake ulikunjamana.

"Mama wa mutoto, hii maji ulichota wapi?"

"Kisima ya tatu. Ile ya mihogo."

"Unataka kuniua?"

"Nakuonyesha maji ya ile ndiyo mulijibu ku baraza. Kunywa. Na mimi nitakunywa, na huyu wa ndani ya tumbo atakunywa. Ao unafikiri ya kwanza itabaki ya kwanza?"

Alimaliza bugali bila maji, anameza kwa taabu, ananiangalia. Hakunipiga, na hakucheka. Alivaa koti yake akatoka, na hakuenda ku atelie. Alienda ku misioni, kwa Frere, bruda mumoja muzee aliyekuwa anafundisha mafundi kupiga randa, muzungu mwenye kukaa kwetu miaka mingi. Alimueleza yote: swali, jibu, vipiketi.

Yule Frere, bwana yangu aliniambia, aliweka randa chini na akacheka mpaka akashika kiuno. Kiisha akamueleza. Kwao Kifaransa, muntu akitaka kuuliza kwa heshima anauliza na hapana ndani yake. Hamutaki chai? Maana yake: karibuni chai. Na ukijibu ndiyo, yeye anasikia: ndiyo, ninataka, leta. Hasikii: ndiyo, umesema kweli, sitaki. Na ukijibu hapana, anasikia hautaki. Ajenti alichukua swali la Kifaransa akalivalisha Kiswahili, sisi tukalijibu Kiswahili, na yeye akalivua nguo na kuliandika Kifaransa. Ndiyo yetu ikawa ndiyo yao. Hapana yetu ikawa hapana yao. Yote mbili ilienda kinyume, na hakuna aliyesema uongo.

Mimi nilikaa chini ku mulango. Nilitaka kupiga muntu, lakini ni nani? Kama angalikuwa mwizi, tungemukamata. Huyu ni neno.

"Sasa wewe rudi umuambie Ajenti," nikasema.

"Mimi ni fundi. Nikimuambia amekosea Kiswahili, kesho siko fundi."

"Basi tutaenda sisi."

Tulikwenda wanawake sita, na kuni ku mugongo, mujane mbele. Ajenti alitoka ku baraza, haraka, na kapita akakimbia nyuma yake anafunga vifungo. Karani alikuwa ndani. Niliona kiwiko chake ku dirisha. Mujane alipiga magoti kidogo kama inavyofaa, akasimama, na akasema:

"Bwana, tuko na swali moja tu. Wewe hautaki kunywa damu ya ng'ombe?"

Ajenti akarudi nyuma hatua moja.

"Hapana! Hapana!"

Mujane akatugeukia. "Mumesikia, wamama? Nimeuliza hautaki, amesema hapana. Basi anataka. Letea Bwana kikombe kubwa."

Tulicheka mpaka kuni zikaanguka. Kapita alilia, "Heshima! Heshima!" Lakini mimi nilikuwa naangalia Ajenti. Alisimama, midomo inatembea bila sauti, anarudia mu kichwa chake: hamutaki, ndiyo, hamutaki, hapana. Na niliona saa ile alifika ku maana. Masikio yaliacha kuwa mekundu. Yakawa meupe kabisa.

Alitufuata mpaka ku kisima. Nitasema kweli: alikuja na miguu yake, akaangalia jiwe, akaangalia vipiketi juu, akateremuka mpaka ya tatu na akafunga pua. Alielewa yote. Kiisha akasema:

"Karatasi imeenda Bukavu. Imerudi na muhuri. Mimi siwezi."

"Si ni wewe uliandika?" mujane akamuuliza.

"Ni mimi."

"Basi andika ingine."

Aliandika. Ninaamini aliandika. Lakini jibu linatembea pole kuliko vipiketi, na mbele ya jibu kufika, soko ilijengwa. Bwana yangu alipasua mbao za ile meza, mufereji na yote, na siku ile alipoipeleka alikataa kula nyumbani, si kwa hasira, kwa haya.

Ilikuwa kama tulivyosema. Mara ya tatu ya soko, mvua ilinyesha, na kisima ya kwanza ikawa rangi ya chai. Watoto wawili wa kartie wakaharisha vibaya, mumoja wao wangu wa kwanza. Alipona. Toka pale tulikuwa tunapanda ku maji ingine, mbali, upande ya nyuma ya posti, mimi na tumbo langu na mutungi. Nikifika nyumbani mugongo uliuma sana, na nilikuwa nakamata kibuyu na kufikiri: ndiyo, Bwana.

Kubadilika kulianza kwa mujane, na hakupanga kitu. Siku moja ya soko alikuwa na mateke mingi na hakutaka kupanda. Alitandika jani la ndizi chini, ku ukingo wa barabara, akakaa. Kapita akateremuka na fimbo.

"Mama, soko iko juu!"

"Najua."

"Sasa unauza nini huku chini?"

"Nani anauza? Ninapumuzika na mateke zangu."

Wamama wa Bihambwe waliokuwa wanapita na mizigo wakaona muntu anapumuzika. Na wao walikuwa wamechoka. Wakatua. Kamio moja ikasimama, shoferi akateremuka kununua. Soko iliyofuata nilienda na mimi, na maharagi, mutoto mupya ku mugongo. Tulikuwa labda kumi. Kiisha makumi tatu. Polisi walikuja kutufukuza. Tukanyanyuka, tukazunguka nyuma ya ndizi, tukarudi. Bibi ya yule polisi alikuwa na sisi, na bwana yake alikuwa anatufukuza kwa mulio tu, anakimbia bila kufika. Mwishoni hata muchinjaji aliteremuka, sababu huko juu alibaki na nzi peke yao, na sisi tukamuonyesha mahali pake: chini kabisa ya barabara, kupita kisima ya mihogo. Alitii. Hakuna karatasi.

Ajenti wa masikio alihamishwa. Jibu lake la Bukavu sikulisikia kamwe. Kiisha mvua za misimu mbili, mujane aliinama ku jiwe akachota na mukono, yeye aliyetukataza kuweka mukono, akaonja, akaonja tena. "Mihogo ibaki chini," akasema, na njo vile tulijua kisima imerudi. Ku meza ya bwana yangu mbuzi walikuwa wanalala, na ule mufereji wake ulikuwa unapitisha mikojo yao vizuri sana. Alipenda kusema hiyo: fundi ni fundi.

Ningeacha kuandika hapa. Lakini alikuja Ajenti mupya, muntu muzima, na miwani, mupenda utaratibu. Alikuta plani ile ile ku ukuta ya biro, mu ofisi yake. Akatembea nayo, akafika juu, akakuta mbuzi. Akakasirika. Kapita akatumwa tena nyumba kwa nyumba, na safari hii akasema, "Wote," bila kutuangalia sisi wanawake: Bwana anataka watu warudi ku soko yao ya juu, na kama iko mawazo, yaletwe.

Tulijaa baraza. Karatasi ilikuwa ku meza na mawe ku pembe, zile zile. Karani alikuwa amehamishwa pamoja na Ajenti wa kwanza. Hakukuwa na karani. Ajenti mupya akasimama, akasafisha miwani, akafungua kinywa, na akasema:

"Ninyi hamutaki soko yenu ya juu?"

Hakuna aliyejibu. Watu makumi na makumi, na unasikia ndizi zikipigana mu upepo. Wanaume walikuwa wanaangaliana. Ndiyo ilikuwa inatisha, hapana ilikuwa inatisha. Kapita mwenyewe alivua kofia. Ajenti akarudia swali kwa nguvu, na niliona kama hata mu kimya hiki ataandika kitu, na ku kilima kutarudi vipiketi, na maji yangu yatarudi kuwa chai.

Mujane alinisukuma na kiwiko. "Wewe uliyesoma kwa Masere. Sema."

"Niseme nini?"

"Sema yote. Usiache mukia inje."

Nilipita katikati ya wanaume. Bwana yangu alikuwa anaangalia viatu vyake. Nikasema:

"Bwana, andika hivi. Sisi watu wa kartie hatutaki soko juu ya kisima. Hatutaki. Sisi tunataka soko chini, ku barabara, pale iko sasa. Tunataka. Sababu ni maji ya kunywa. Ukimaliza kuandika, usome, tusikie."

Kapita akavuta pumzi kama muntu ameona nyoka. Ajenti akaniangalia juu ya miwani. Lakini alikuwa mupenda utaratibu, na mimi nilimuletea utaratibu. Aliandika. Kiisha akasoma kwa Kiswahili, pole pole, na ilikuwa vile vile: hatutaki juu, tunataka chini, sababu ni maji. Akachukua kalamu nyekundu na akapiga musalaba ku kisanduku cha juu, mbele ya macho yetu wote. Mujane akatoa pumzi ndefu, na mimi nikafikiri: sasa imeisha, tunaweza kwenda kupika.

Ajenti akachovya kalamu mu wino tena, akatuangalia, akauliza:

"Hakuna neno ingine?"

Na wanaume wote, kwa furaha, kwa sauti moja kama ku kanisa, wakajibu:

"Ndiyo, Bwana!"

Nilifunika uso na mikono. Ajenti akageuza ukurasa, akaweka kalamu tayari, na akangojea alisikie hilo neno ingine. Wanaume nao, wenye heshima, walingojea awape ruhusa ya kwenda. Tulikaa pale, yeye na sisi, mpaka mvua ikaanza.